Majaribio ya dawa hupangwaje? Tujifunze kutoka jaribio la Ebola la Kivu Kaskazini

Wakimbizi wengi wanaoishi Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja na Kyaka II nchini Uganda walitoka mashariki mwa Kongo, ambako ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Mlipuko huo ulidumu hadi Juni 2020 na kuua zaidi ya watu 2,200. Katika kipindi hicho kulifanyika jaribio la dawa lililopewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Kwa kifupi linaitwa PALM.

Wakati huo uvumi ulikuwa mwingi. Wapo waliosema watu wanafanywa panya wa maabara. Makala hii inaeleza jinsi jaribio la dawa linavyopangwa, hatua kwa hatua, ili siku ukiombwa kushiriki, wewe au mtoto wako, ujue la kuuliza.

Jaribio la dawa ni nini?

Ni utafiti unaofanywa kwa watu ili kujua kama dawa, chanjo au njia ya matibabu inafanya kazi na ni salama. Kwanza dawa huchunguzwa maabara na kwa wanyama. Kisha hupewa watu wachache kuangalia usalama wake, halafu watu wengi zaidi kuangalia kipimo na dalili za kufaa. Mwisho hulinganishwa na matibabu mengine kwa mamia au maelfu ya watu.

Hatua ya 1: Swali moja lililo wazi

Jaribio zuri huanza na swali linaloweza kujibiwa kwa kuhesabu. Swali la PALM lilikuwa: kati ya dawa nne, ni ipi inayopunguza vifo vya wagonjwa wa Ebola ndani ya siku 28? Dawa hizo zilikuwa ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3. Dawa ya mAb114 ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola katika mlipuko wa Kikwit, Kongo, mwaka 1995.

Kipimo cha matokeo huandikwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Watafiti wakichagua kipimo baada ya kuona matokeo, wanaweza kuchagua kile kinachowapendeza.

Hatua ya 2: Idadi ya washiriki

Katika mlipuko wa Afrika Magharibi, ZMapp ilijaribiwa kwa watu wachache kwa sababu ugonjwa ulikuwa unaisha. Matokeo yalipatikana kwa watu 71 tu. Waliopata ZMapp walikufa 8 kati ya 36. Waliopata huduma ya kawaida peke yake walikufa 13 kati ya 35. Tofauti hiyo ilitia matumaini, lakini kwa idadi ndogo hivyo huenda ilitokea kwa bahati tu. Kwa sababu hiyo wapangaji wa PALM walikadiria kwamba walihitaji wagonjwa 725.

Hatua ya 3: Nani apate dawa ipi?

Daktari akichagua mwenyewe, anaweza kuwapa walio mahututi dawa anayoiamini zaidi. Wakifa wengi, dawa itaonekana mbaya kumbe wagonjwa wake walikuwa hoi tangu mwanzo. Kwa hiyo wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu, ili makundi yafanane.

Katika PALM hakuna aliyeachwa bila tiba. Kila mgonjwa alipata mojawapo ya dawa hizo nne, pamoja na maji ya mshipani na huduma nyingine za kawaida. ZMapp ndiyo iliyokuwa dawa ya kulinganishia. Watoto na wajawazito pia waliruhusiwa kushiriki.

Hatua ya 4: Itifaki na vibali

Mambo yote haya huandikwa katika hati iitwayo itifaki. Hati hiyo hukaguliwa na kamati ya maadili, ambayo haipaswi kuwa chini ya watafiti wenyewe. PALM iliongozwa na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kongo, INRB, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na taasisi ya afya ya Marekani, NIAID.

Nchini Uganda, utafiti wa dawa unahitaji kibali cha kamati ya maadili, cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST) na cha Mamlaka ya Dawa (NDA). Ukifanyika ndani ya makazi ya wakimbizi, Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) nayo lazima ihusishwe.

Hatua ya 5: Kufuatilia na kujua wakati wa kusimama

PALM ilianza tarehe 20 Novemba 2018 na kufanyika katika vituo vya Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Februari 2019, vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, lakini jaribio liliendelea.

Kamati huru ilikuwa ikiangalia takwimu mara kwa mara. Tarehe 9 Agosti 2019, baada ya kupitia matokeo ya wagonjwa 499, ilishauri wagonjwa wapya wapewe mAb114 au REGN-EB3 tu, kwa kuwa tofauti ilikuwa imeonekana. Hadi siku hiyo wagonjwa 681 walikuwa wameingia.

Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa hivi:

- REGN-EB3: asilimia 33.5
- mAb114: asilimia 35.1
- ZMapp: asilimia 49.7
- Remdesivir: asilimia 53.1

Ilionekana pia kwamba kila siku ambayo mgonjwa alichelewa kufika kituoni iliongeza hatari ya kufa. Mwaka 2020 dawa hizo mbili ziliidhinishwa Marekani, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza kwa matibabu ya aina hiyo ya Ebola.

Ukiombwa kushiriki, uliza:

- Utafiti huu unatafuta jibu gani, na una vibali vya nani?
- Nitapewa nini, na wengine watapewa nini?
- Kuna madhara gani yanayojulikana? Nikidhurika, nani atanitibu?
- Damu yangu na majina yangu yatatunzwa wapi?
- Utafiti ukiisha, matokeo tutaelezwa vipi?

Maelezo lazima yatolewe kwa lugha unayoielewa, iwe Kiswahili, Kinyarwanda au nyingine. Kama husomi, omba shahidi unayemwamini asiye mmoja wa watafiti. Usiweke sahihi wala dole gumba kabla hujaelewa.

Muhimu: Kushiriki ni hiari. Unaweza kukataa, au kukubali kisha ukajitoa bila kutoa sababu. Uamuzi wako haupaswi kugusa mgao wako wa chakula, matibabu yako ya kawaida wala faili lako la kuhamishiwa nchi ya tatu. Mtu akikuambia vinginevyo, toa taarifa kwa kamati ya maadili; mawasiliano yake yanapaswa kuwa kwenye fomu ya ridhaa, na nakala ya fomu hiyo ni haki yako.

Je, ungependa kufanya kazi hii?

Majaribio yanahitaji wauguzi, watu wa maabara, wakalimani na waingizaji wa takwimu. Tovuti ya The Global Health Network hutoa bure kozi za kuendesha majaribio ya dawa kwa njia sahihi. Anayejua lugha ya wagonjwa na anayeaminiwa kijijini ana nafasi ya pekee katika kazi hii.