Kirukia Kisicho na Majani Kinachonyonya Mwerezi

Wakazi wanaoona vijiti vya kijani vikichipuka kwenye tawi la mwerezi, au mutarakwa, wasidhani ni matawi machanga. Huenda ni kirukia aina ya Arceuthobium juniperi-procerae. Badala ya majani kina magamba madogo mno, na hunyonya maji na chakula kutoka ndani ya tawi. Kuna cha kiume na cha kike. Tunda likiiva hupasuka na kurusha mbegu yenye ulimbo mita kadhaa, ikanata kwenye mti wa jirani.

Mwerezi ulioshambuliwa hudhoofika. Kung'oa vijiti hakutoshi, kwani huchipuka tena. Mkulima akate tawi lote kabla matunda hayajaiva. Kwa miti ya msitu wa serikali, amjulishe afisa wa misitu kwanza.