MFARISHI WA VIRAKA: TUTUNZE MABAKI YA NGUO, TUPIGE BANDI NYUMBANI



Wenzetu wanaochuma chai katika milima ya Kabale wanajua baridi ya usiku. Wanajua pia kwamba blanketi jipya ni mzigo mzito kwa mshahara wa mchumaji mwenye watoto wanne. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za wafanyakazi, chini ya kitanda pana fungu la nguo: mashati yaliyopasuka, sare za zamani, vipande kutoka kwa fundi cherehani. Fungu hilo hukaa hapo mpaka panya walifanye makao, kisha hutupwa.

Katika toleo hili twataka kusema kwamba fungu lile ni blanketi ambalo bado halijashonwa. Twazungumzia mfarishi, yaani kifuniko cha tabaka tatu: uso wa viraka, pamba katikati, na kitambaa kizima mgongoni. Wala asiseme mtu kwamba hiyo ni kazi ya wanawake peke yao. Mafundi cherehani wengi wa miji yetu ni wanaume.

WENZETU WA ALABAMA

Huko Marekani, katika jimbo la Alabama, kiko kijiji kiitwacho Gee's Bend, kwenye kona ya mto. Wakazi wake ni wajukuu wa watumwa waliolima pamba katika shamba la bwana mmoja. Utumwa ulipokwisha walibaki palepale, wakilima kwa mkopo. Mwaka 1932 jamaa za mfanyabiashara aliyewakopesha walikuja kudai deni, wakachukua zana za kilimo, mifugo na hata chakula. Watu wakaukabili wakati wa baridi mikono mitupu.

Nyumba zao zilikuwa za mbao, upepo ukipita katikati ya mbao hizo. Kilichowahifadhi ni mifarishi. Wanawake walikata suruali za dangirizi na mashati ya shambani, wakaacha sehemu zilizooza na kutumia zile nzima. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, alishona mfarishi kwa nguo za kazi za marehemu, ili apate kumkumbuka na kujifunika. Mfarishi huo leo umehifadhiwa katika jumba la taifa la sanaa mjini Washington.

Mwaka 1966, wakati watu weusi wa wilaya hiyo walipokuwa wakifukuzwa mashambani kwa sababu ya kujiandikisha kupiga kura, wanawake wa huko waliunda chama cha ushirika kiitwacho Freedom Quilting Bee. Waliuza mifarishi yao mpaka New York. Mwaka 1972 walipata mkataba wa kushonea kampuni ya Sears foronya za kodrai, na mabaki ya kodrai yakaenda majumbani kuwa mifarishi. Ushirika huo ulifungwa mwaka 2012, lakini ulikuwa umewapa wanawake wengi mshahara wao wa kwanza usiotoka kwa bwana shamba.

Basi wenzetu hao hawakuanza na duka la vitambaa. Walianza na fungu kama lile lililo chini ya kitanda chako.

KABLA YA KUWEKA, CHAGUA

Kwanza, mabaki ya kiwandani ni mali ya kiwanda mpaka utakapopewa kwa hati. Tumewaona wenzetu wakipoteza kazi ya miaka mingi langoni kwa ajili ya kipande kisichotosha leso. Yafaa kamati ya tawi iombe utaratibu wa maandishi, ili vipande ambavyo vingechomwa moto wagawiwe wafanyakazi au wauziwe kwa bei ndogo.

Pili, nguo iliyovaliwa wakati wa kupiga dawa ya wadudu au ya magugu isiingie katika mfarishi kamwe. Dawa hizo huzama ndani ya nyuzi, na kufua hakuziondoi zote. Mtoto atakayelala chini ya nguo hiyo ataivuta usiku kucha. Hali kadhalika mifuko ya dawa na ya mbolea.

Tatu, tambara lililolowa mafuta ya rangi au ya kitani lisirundikwe pamoja na nguo. Mafuta ya namna hiyo yakikauka hutoa joto, na rundo laweza kuwaka lenyewe bila kiberiti.

KUWEKA VITAMBAA

Fua kila kitambaa kabla ya kukiweka. Jasho na uchafu huita wadudu, na wanga wa kupigia pasi huliwa na mende na wadudu wengine wadogo. Kufua kwanza kuna faida nyingine: kitambaa kinachochuja rangi au kunywea kitajulikana mapema, si baada ya kushonwa.

Kianike mpaka kikauke kabisa. Unyevu kidogo watosha kuleta ukungu, na doa la ukungu halitoki kwa urahisi. Kwa sababu hiyo usikifunge ndani ya mfuko wa plastiki wakati wa masika. Sanduku la bati lafaa zaidi, maana panya halitoboi. Liinue juu ya matofali lisiguse sakafu, na utandike ndani yake shuka kuukuu iliyofuliwa. Liwe mbali na jiko, taa ya mafuta na mshumaa.

Nguo za sufi zitenge, kwani ndizo nondo huzitafuta. Watu wengi huweka majani makavu ya muarobaini ndani ya kifuko. Vile vidonge vyeupe vya naftalini vina sumu. Mtoto huvidhania peremende, na harufu yake katika nguo yaweza kudhuru damu ya baadhi ya watoto wachanga. Nyumba yenye watoto isivitumie.

Kila baada ya miezi mitatu toa vitambaa, vipunge hewani, uvikunje upya mahali pengine. Kitambaa kinachokunjwa daima mahali pamoja hukatika hapohapo.

KUPIGA BANDI

Ukishaunga viraka na kupata uso wa mfarishi, usikimbilie kushona. Tabaka tatu zisizoshikwa huteleza, kila moja ikaenda upande wake. Mwisho wake ni mikunjo mgongoni na pamba iliyorundikana pembeni. Dawa ya hayo ni bandi, yaani mishono mirefu ya muda.

Kata mgongo uzidi uso kwa sentimeta 10 kila upande. Upige pasi, uutandaze juu ya meza kubwa au sakafu iliyofagiliwa, upande wa ndani ukitazama juu. Uvute unyooke, lakini usiukaze kama ngozi ya ngoma, maana utakapouachia utajikunja. Bana pembe kwa mawe safi. Tandaza pamba juu yake, au blanketi kuukuu, ukilainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni. Kisha weka uso.

Tumia uzi mweupe, kwa kuwa wa rangi waweza kuacha alama. Anza katikati. Piga mishono ya sentimeta 5 kuelekea kila upande, kama msalaba, kisha kuelekea pembe nne. Halafu jaza mistari, nafasi kati yake ikiwa upana wa kiganja. Ncha ya sindano ikigusa chini, iinue kwa ukingo wa kijiko; vidole vitapona. Fundo liwe juu, upate kulifumua kwa urahisi.

Pini zenye kutu zitupe. Hesabu sindano kabla ya kuanza, na baada ya kumaliza uhesabu tena, kwa ajili ya watoto watakaotambaa hapo. Mfanye kazi hii wawili, na mgongo ukichoka mpumzike. Uchungu wa kiuno hautofautishi saa za kiwanda na saa za nyumbani.

Sasa shona mishono midogo ya kudumu. Pamba isiyo na karatasi wala gundi yataka mishono iliyo karibu, la sivyo itafanya madonge ikifuliwa. Ukimaliza, fumua bandi yote.

NENO LA MWISHO

Bandi haionekani katika mfarishi uliokamilika, lakini bila hiyo mfarishi haukamiliki. Ndivyo zilivyo kazi za tawi: mikutano midogo, orodha za wanachama, kusemezana kabla ya madai kupelekwa kwa mwajiri. Wanawake wa Alabama walikuwa wakishona mifarishi miaka mingi, kila mmoja kwake. Bei nzuri waliipata walipokaa pamoja.

Twapendekeza kila tawi litenge mchana mmoja wa Jumapili, wanaojua wawafundishe wasiojua. Njoo na fungu lako, likiwa limefuliwa na kukauka.