NYUMBA NJEMA SI MLANGO: Mashauri kwa Wanunuzi na Wajenzi wa Eastlands, Nairobi

Wazee walisema kwamba nyumba njema si mlango. Neno hilo lafaa kukumbukwa na kila mtu anayetaka kununua, kuuza au kutengeneza nyumba katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, iitwayo Eastlands. Rangi mpya ukutani, vigae sakafuni na geti la chuma huwapendeza wanunuzi upesi. Walakini mambo mawili yanayoipa nyumba thamani yake hayaonekani na mtu asimamaye mlangoni. La kwanza ni jina lililoandikwa katika daftari ya ardhi. La pili ni msingi uliofukiwa chini.

Habari za jina ni za zamani katika mitaa hii. Katika Pumwani, mtaa ulioanzishwa karibu na mwaka 1920, Waafrika waliruhusiwa kujenga nyumba zao wenyewe za miti na udongo na kupangisha vyumba, lakini kiwanja kilibaki mali ya baraza la mji. Wenye nyumba wa kijiji cha Pangani waliuonja uchungu wa jambo hilo mwishoni mwa miaka ya 1930, kijiji chao kilipobomolewa na wengi wao wakahamishiwa Shauri Moyo. Nyumba ilikuwa yao, ardhi haikuwa yao.

Baadaye baraza la mji lilijenga Kaloleni, Bahati, Maringo na Jericho, nyumba za kupangisha. Yatupasa tuseme wazi hapa: mpangaji wa nyumba ya serikali ya kaunti, hata kama alizaliwa humo na baba yake aliishi humo, hana cha kuuza ila vyombo vyake. Mtu atoaye fedha ili apewe funguo za nyumba ya namna hiyo amenunua maneno matupu.

Baada ya Uhuru milango ya kumiliki ilifunguliwa zaidi. Mwaka 1973 ulianza ujenzi wa Buruburu, na kwa muda wa miaka kama kumi zikajengwa nyumba zaidi ya 4,000, ambazo makarani, walimu na watumishi wengine walizinunua kwa mkopo wa rehani. Umoja ulifuata kwa msaada wa Marekani, ukiwa na nyumba ndogo zilizoachiwa nafasi ya kuongeza vyumba. Katika Dandora, kwa mapatano ya mwaka 1975 kati ya Serikali na Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja 6,000. Mwenye kiwanja alipewa choo, bafu, maji na bomba la maji machafu, kisha akajenga vyumba mwenyewe kadiri ya uwezo wake.

Basi desturi ya Eastlands ikawa kununua kidogo na kuongeza polepole. Leo katika Buruburu utaona nyumba nyingi zilizoongezwa vyumba nyuma na duka mbele. Katika Umoja na Dandora watu wamepanda juu, ghorofa juu ya ghorofa, kwa kuwa viwanja ni vidogo na wapangaji ni wengi. Sababu yake si fumbo. Karani aliyestaafu huihesabu kodi ya vyumba kuwa pensheni ya pili, na mkulima wa mbali huona kwamba chumba cha Nairobi hakingoji mvua ili kilete fedha. Nia hiyo ni njema. Hatari yake imo katika haraka.

Tuanze na daftari. Viwanja vingi vilitolewa kwa masharti, na malipo yaliendelea kwa miaka mingi kabla ya hati kutolewa. Tuseme mtu wa kwanza alikiuza kiwanja chake kwa barua iliyoandikwa kwa mkono mbele ya marafiki wawili. Wa pili akamwuzia wa tatu vivyo hivyo. Wa tatu amejenga vyumba kumi, naye sasa anakuuzia wewe. Lakini katika daftari jina ni la yule wa kwanza, na labda amekwisha kufa akaacha watoto. Siku watakapokuja na hati ya urithi, utawajibu nini? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo usitoe hata arbuni kabla ya kuhakikisha nani mwenye mali. Tangu Aprili 2021 daftari za Nairobi zimekuwa zikitiwa katika mtandao wa Serikali uitwao Ardhisasa, ambako mtu huomba kuonyeshwa jina la mwenye ardhi na deni lolote lililowekwa juu yake. Nyumba iliyo katika rehani haihamishwi mpaka mkopeshaji akubali. Tazama tena muda wa ardhi. Viwanja vingi vya Nairobi vimekodishwa kwa miaka kadha wa kadha, wala si vya milele. Kilichokodishwa kwa miaka 99 tangu 1975 kitafika mwisho wake mwaka 2074. Uliza pia stakabadhi za kodi ya kiwanja inayolipwa kaunti, maana deni lililofichwa leo litazuia uhamisho kesho.

Mapatano ya kuuza ardhi lazima yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na yashuhudiwe. Ikiwa nyumba ni ya mume na mke, sheria ya mwaka 2013 yataka wote wawili wakubali. Mume asiyemwambia mkewe hawezi kukuuzia nyumba ya ndoa kwa haki, wala mke asiyemwambia mumewe. Fedha zipitie kwa wakili wako mwenyewe, si mkononi mwa dalali. Tena uweke akiba ya ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani: nyumba ya shilingi 5,000,000 italipiwa shilingi 200,000. Na kama unanunua chumba katika jengo la ghorofa, jua kwamba sheria ya mwaka 2020 yaruhusu kila sehemu iwe na hati yake. Idai.

Sasa msingi. Sehemu kubwa ya Eastlands ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao kila mkulima anaujua tabia zake. Wakati wa mvua huvimba. Wakati wa kiangazi hunywea na kupasuka. Nyumba iliyokalishwa juu yake bila kuchimba mpaka kufikia mwamba au changarawe ngumu huinuliwa na kushushwa kila mwaka, nazo kuta huonyesha nyufa. Msingi uliochimbwa kwa nyumba ya chini, ambao umeibeba salama kwa miaka 40, haukuahidi kubeba ghorofa nne. Ukuta waweza kupakwa rangi ukapendeza. Msingi haudanganyiki kwa rangi.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa lililokuwa karibu na mto liliporomoka katika Huruma, na watu zaidi ya 40 wakafa. Desemba 2019 jengo jingine lilianguka Tassia, likaua tena. Waliokufa walikuwa wapangaji na jamaa zao, watu waliolipa kodi yao wakalala.

Mtu atakaye kuongeza ghorofa na amwite mhandisi kwanza, achimbe shimo kando ya ukuta, apime kina na unene wa msingi, atazame na nguzo. Baada ya hapo apeleke michoro kwa kaunti ili apate kibali. Gharama ya mhandisi ni ndogo ukiilinganisha na saruji na nondo zitakazoanguka. Asisahau maji machafu pia: bomba lililowekwa kwa jamaa moja haliwezi kutumikia jamaa kumi, na uchafu ukifurika, jirani ndiye aumiaye. Vyumba viachiwe madirisha na hewa. Anayenunua nyumba iliyokwisha kuongezwa naye adai kuonyeshwa kibali hicho, na ufa wowote auulize chanzo chake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika ghorofa huenda usipate nafasi ya kujenga tena.

Wauzaji nao wana faida katika haya. Mwenye nyumba anayepanga karatasi zake mapema, akamaliza madeni na kuandikisha urithi wa wazazi wake, hupata bei nzuri na mnunuzi mwaminifu. Asiye nazo hulazimika kumwuzia yule asiyeuliza maswali, naye hutoa bei ya chini.

Shilingi za nyumba hukusanywa kwa miaka mingi, katika chama cha akiba, katika mishahara na katika mauzo ya shamba. Wiki mbili tatu za kuuliza, kupekua daftari na kuchimba kando ya ukuta si muda mrefu. Afadhali mnunuzi aitwe msumbufu siku moja kuliko watoto wake kuitwa wavamizi maisha yao yote.