Upanga huu hauui, unawasha taa!

Na Mwandishi Wetu

HEBU fikiria uko pale Ubungo, chini ya daraja la Kijazi, jioni watu wanagombea gari za Kimara na Mbezi. Ghafla wanajitokeza vijana wawili wamevaa nyeupe tupu, usoni wavu kama wa warina asali, mkononi kila mmoja ana upanga mwembamba. Utafanya nini? Usinidanganye. Mimi mwenyewe ningetoka nduki, viatu mkononi!

Tusilaumiane. Jiji hili lina kumbukumbu mbaya na mapanga. Januari 2015 habari za Panya Road zilitosha kuwafungia watu ndani mapema, na mwaka 2022 jina hilo likarudi tena midomoni mwa watu, kwa machozi.

Lakini wale wawili ni wanamichezo. Mchezo wao kwa Kiswahili ni vitara, wenyewe wanauita fensing. (Angalia ulimi: ukisema "fensi" pale Manzese, watakuuliza kiwanja unazungushia wapi.) Siyo mchezo wa juzi. Olimpiki umo tangu ile ya Athens, mwaka 1896.

Sasa utamtoaje mtu hofu ya upanga? Majirani zetu wa Kenya wana jibu: usimhubirie, mwonyeshe.

Dada Alexandra Ndolo alizaliwa Ujerumani mwaka 1986, baba Mkenya, mama Mpolandi. Julai 2022 alichukua medali ya fedha ya dunia pale Cairo, akiwa na jezi ya Ujerumani. Wengi wetu hapo tungekaa tule kuku kwa mrija. Yeye mwaka huohuo akahamia Kenya, nchi ambayo mchezo huo ulikuwa bado mchanga na vifaa vya kuhesabu. Mwaka 2024 akawa Mkenya wa kwanza kucheza vitara Olimpiki, mjini Paris. Watoto waliokuwa hawajui mchezo wenyewe wakamwona dada wa jina la kwao kwenye jukwaa kubwa.

Mwingine ni Mburu Wanyoike wa Huruma, Nairobi. Huyu mwenyewe amesimulia kwamba aliwahi kuwa kwenye makundi ya uhalifu. Mwaka 2021 alianzisha klabu ya Tsavora, anafundisha watoto na vijana mtaani kwake. Picha zake zimezunguka dunia: dogo kavaa wavu usoni, nyuma yake maghorofa yamebanana. Pale mtaani kila anayepita ni mtazamaji, na mtazamaji wa leo kesho anaomba kujaribu. Kijana aliyekuwa akitafuta kundi la kumpa jina, anakuta kundi lingine lenye kocha.

Na ukiutazama mchezo wenyewe, hofu inaisha haraka. Kwanza, wachezaji wanapeana saluti. Hakuna kuvizia. Njia yao ni nyembamba, mita 14 kwa urefu, upana hauzidi mita mbili. Ncha ya upanga ni butu. Kwa aina ya epe, ile anayocheza Ndolo, unalenga popote, kuanzia kichwani hadi kidole cha mguu. Ncha ikigandamizwa kwa gramu 750, yaani nusu na robo ya sukari dukani kwa Mangi, taa inawaka. Mmoja nyekundu, mwingine kijani. Wakigusana kwa wakati mmoja, zote mbili zinawaka na kila mtu anapata pointi yake. Mwisho, lazima msalimiane tena. Ukinuna, shauri yako!

Ndiyo maana wenyewe wanasema hii ni chesi ya mbio. Mwenye hasira anafungwa. Anayeshinda ni yule anayesubiri mwenzake akosee.

Usiseme ni mambo ya Wazungu. Nenda Pemba au Lamu siku ya sherehe uangalie kirumbizi: wanaume wawili na fimbo zao, zumari linalia, ngoma inajibu, watu wamezunguka duara. Mmoja anashambulia, mwenzake anakinga, wakimaliza wanacheka. Babu zetu walijua zamani kwamba kijana mwenye damu ya moto humfungii ndani. Unampa uwanja, unampa sheria, unaweka watu wa kumtazama.

Sasa turudi Ubungo. Viwanja vya Mlimani viko jirani, na vijana tunao kuanzia Mabibo hadi Mbezi Luis. Vifaa ni ghali, hilo halina ubishi. Lakini onyesho moja la jioni, panga mbili na mtu mwenye subira ya kueleza, linatosha kuanzia.

Siku hiyo ikifika, mshikaji, usikimbie. Simama, tazama, kisha omba kushika. Mimi nitakuwa nyuma yako... karibu na mlango wa daladala, kwa tahadhari tu!