Mlima Tinderet Mbele ya Kamera: Jua, Hewa na Kalenda ya Fort Ternan

Fort Ternan, kituo cha reli kilichopo upande wa juu wa Bonde la Nyando katika Kaunti ya Kericho, kinatazamana na Mlima Tinderet ulioko kaskazini, volkano iliyozimika yenye kimo cha takribani mita 2,600, huku upande wa kaskazini-magharibi likionekana genge la Nandi, yaani mteremko mkali uliotokana na kuvunjika na kuhama kwa matabaka ya ardhi. Majivu ya volkano hiyo ndiyo yaliyofukia mifupa ya Kenyapithecus wickeri, sokwe wa kale wa miaka milioni 14 hivi iliyopita, ambaye Louis Leakey alimtangaza mwaka 1962. Hata hivyo, wapigapicha wengi hupita moja kwa moja hadi kwenye mashamba ya chai, kana kwamba Kericho haina kingine cha kupigwa picha.

Kuutazama mlima kutoka mbali kuna faida yake, kwa kuwa anayesimama chini yake huona vilima vya mbele vikikiziba kilele, ilhali anayerudi nyuma hadi bondeni huona kilele kikirejea kwenye kimo chake halisi. Lenzi ndefu, ambayo husifiwa kwa kuivuta milima ikaribiane, hukata tu sehemu ndogo ya mandhari na kuikuza. Kinachobadilisha uwiano wa vitu ni umbali wenyewe.

Lakini umbali huo huo huleta hewa nyingi kati ya kamera na mlima, na chembe zilizomo hutawanya mwanga, hasa wa buluu, kiasi cha kuufifisha msitu ukaonekana kama kivuli. Wakati wa kiangazi vumbi huongezeka, na mashamba ya miwa ya upande wa Muhoroni yanapochomwa kabla ya kukatwa, moshi hutanda bondeni na masizi meusi, mepesi kama unyoya, huweza kutua hata juu ya kioo cha lenzi.

Jua nalo lina kalenda yake. Kwa kuwa Fort Ternan iko karibu sana na ikweta, mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini, nyuma ya mlima, na uso unaotazama bonde hubaki na kivuli. Mwezi Desemba hupita kusini na kuumulika uso huo kwa ubavu asubuhi na jioni, mikunjo ya makorongo ikajitokeza. Saa hizo ndizo zinazofaa pia kichujio cha kuzungushwa, kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu, kwani hufanya kazi vizuri zaidi jua likiwa pembe mraba na mahali kamera inapoelekea.

Hapo ndipo ugumu ulipo: mwanga mzuri huangukia kiangazi chenye vumbi, na hewa safi huletwa na masika, jua likiwa limeanza kuelekea kaskazini. Njia ya kati ni mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba, mvua za vuli zikiwa zimesafisha anga, na kazi ianze alfajiri, kwa sababu ifikapo alasiri upepo wa Ziwa Victoria hupandisha mawingu yanayoleta radi na mvua ya mawe, ambayo nyanda hizi za chai huipata kwa wingi kuliko sehemu nyingi duniani.