Kreni ya kwenye kompyuta: Kwa nini mzigo lazima ubembee kama wa kweli?

Umewahi kumwona opereta wa kreni akiwa juu kabisa, mzigo wa tani kadhaa ukining'inia chini yake? Jiulize: siku ya kwanza alijifunzia wapi?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: kwenye kreni yenyewe. Shida ni kwamba kosa moja la mwanafunzi linaweza kuua mtu.

Ndiyo maana kuna kampuni kama CM Labs ya Montreal, Canada, inayotengeneza programu iitwayo Vortex. Mwanafunzi anakaa kwenye kiti kama cha opereta, anashika leva, na skrini zinamwonyesha bandari au eneo la ujenzi.

Si gemu tu hiyo?

Hapana. Gemu inatakiwa kupendeza macho, hii inatakiwa kupatia hesabu. Programu inakokotoa uzito wa mzigo, mvutano wa waya, hata udongo unavyoporomoka ukichotwa na ekskaveta. Na inafanya hivyo papo hapo: ukigusa leva, mzigo unaitikia.

Mfano, mzigo unaoning'inia kwa waya wa mita 10 huchukua kama sekunde 6 kwenda na kurudi. Waya ukiwa wa mita 40, ni karibu sekunde 13. Kinachoamua ni urefu wa waya, si uzito. Opereta mzoefu hahesabu, mkono wake unajua tu: mzigo ukibembea mbele, anaufuata kwa wakati wake mpaka unatulia.

Hesabu ikikosewa?

Tuseme kompyuta inaubembeza mzigo wa mita 40 kwa sekunde 9. Mwanafunzi hatashtuka. Atafaulu mazoezi vizuri tu, huku mkono wake umezoea muda wa uongo. Siku akipanda kreni ya kweli ataufuata mzigo wakati usio wake, na badala ya kuutuliza atauzidishia kubembea. Na chini kuna watu.

Hata programu iliyopatia haimalizi kazi. Kimo cha kweli na ile hofu ya kujua kuna mtu chini, mwanafunzi atavikuta kazini.

Kwa hiyo chuo kikitaka kununua mashine hizi, kisianze kuuliza picha ni kali kiasi gani. Kimkalishe kwanza opereta wa miaka mingi kwenye kile kiti, abembeze mzigo. Kama kuna uongo, mkono wake utaugundua kabla ya macho.