Kwa Nini Serikali Isichape Noti Nyingi?

Swali hili tunalisikia mara nyingi sokoni hapa Babati. Eti kama serikali ndiyo inayotoa noti, mbona haitoi nyingi kila mtu akapata?

Hebu tufikiri pamoja. Tuseme leo sokoni kuna madebe 100 ya mahindi, na hakuna kitu kingine cha kununua. Wanunuzi wote wana jumla ya shilingi 1,000,000. Kila debe litauzwa shilingi 10,000. Sasa tuwaongezee fedha, ziwe shilingi 2,000,000. Mahindi ni yale yale. Kila mmoja atataka kumshinda mwenzake, na debe litafika shilingi 20,000. Noti zimeongezeka, lakini hakuna aliyepata hata kibaba kimoja zaidi. Huo ndio mfumuko wa bei.

Noti zikiwa chache mno, hiyo nayo ni hasara. Mkulima ana mbaazi, lakini wa kununua hana fedha. Kwa hiyo fedha zinatakiwa ziende sambamba na mali inayozalishwa. Kazi ya kuangalia jambo hili ni ya Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza kazi Juni 1966.

Jambo hili liliwahi kutupata. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi. Mafuta nayo yalipanda bei duniani. Viwanda vikakosa vipuri, bidhaa zikapungua. Serikali ilitumia kuliko kodi iliyopata, ikakopa Benki Kuu. Noti zikazidi, bidhaa zikawa chache. Wazee wetu wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na khanga. Bei ya serikali ilikuwapo, lakini mali ilikuwa kwa walanguzi. Mwaka 1983 watu wengi walikamatwa kwa kuhujumu uchumi. Hata hivyo bei ziliendelea kupanda. Katika miaka ya 1980, karibu kila mwaka zilipanda kwa zaidi ya robo. Aliyeficha shilingi 100 chini ya godoro, baada ya miaka mitatu zilinunua vitu vya shilingi 50 tu.

Kwa nchi ndogo mambo ni magumu zaidi. Dola ya Marekani hupokelewa na kuwekwa akiba na nchi nyingi. Shilingi yetu ikizidi haina pa kwenda. Inabaki humu humu kugombea bidhaa. Na dizeli ya kutoka nje hainunuliwi kwa shilingi. Inataka fedha za kigeni, nazo tunazipata kwa kuuza nje kahawa, dhahabu, na hata mbaazi zetu zinazokwenda India.

Basi mtu akituahidi noti za bure, tumwulize: mahindi nayo yameongezeka?

Maswali ya kuzungumza:
1. Bei ikipanda kila mwezi, nani anaumia zaidi: mwenye noti ndani au mwenye mahindi ghalani?
2. Kijijini kwetu tunaweza kuongeza mali gani?